Tatu Nukta Nane

Siku ile nilipofagia chumba cha Ndekirwa
nilikuta moja imetuna kama andazi,
tumbo mbele, ngozi yake ya buluu ikikaribia kupasuka,
imelala kati ya soksi na daftari la fizikia.
Sikuibonyeza.
Mtoto wa Kibosho hafundishwi mara mbili
kwamba kibuyu kilichozibwa mdomo, mbege ikiwa inachacha,
hakigongwi, hakitikiswi.

Niliibeba kwa beleshi la majivu hadi nyuma,
mbali na ukuta, mbali na majani makavu ya migomba,
nikaiacha kwenye karai la mchanga.
Ndekirwa alisimama mlangoni bila viatu.
"Mama, ni betri ya ndege tu."

Ndege tu!
Mabawa aliyakata kwa kisu changu cha mkate,
povu likatapakaa sebuleni wiki nzima.
Akaenda kuirusha Kahe, mahindi yakishavunwa,
ikapanda, ikageuka, ikaupa Mlima mgongo.
"Dakika saba," aliniambia, "halafu moto wake umekwisha."
Moto. Neno alilitaja mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani.
Nyumba yangu ni pamba na satini,
sare za kwaya, magauni ya kipaimara,
vipande hadi juu ya kochi.
Humu cheche haihitaji kukaribishwa.

Basi tukakishusha chungu cha Upare,
zawadi ya mama mkwe, kilichopika kiburu
miaka yote kabla gesi haijaingia jikoni.
Ndani mchanga wa mto Karanga, tuliouanika siku mbili.
Mfuniko tuliuacha na mwanya,
"moshi ukitaka kutoka, Mama, upate njia."
Tukakiweka baraza ya nyuma, kwenye saruji tupu,
jua lisipofika.
Kila ncha ya waya akaivika kofia ya plastiki,
na pini zangu akazipiga marufuku
kuvuka kizingiti.

Sasa yuko Mbeya, chuoni.
Ndege imevuliwa mabawa, imeegemea kabati.
Betri nne zimebaki na mimi,
pamoja na chaja, mita ndogo isiyozidi kiberiti,
na karatasi kwa mwandiko wake unaolala kushoto:
*3.8. Usizishibishe. Usizilaze na njaa.*

Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya ibada ya pili,
nafunua chungu, nachomeka, namsomea kwa simu.
"Tatu nukta nane.
Tatu nukta nane.
Tatu nukta saba tisa."
"Na ya nne?"
Ya nne imeshuka hadi tatu nukta nne.
Naigeuza kwenye mwanga, naipapasa. Haijavimba.
"Ichaji kidogo, Mama. Ukae nayo.
Usiende dukani. Usisinzie."

Kwa hiyo nimekaa, kiti juu ya saruji,
ndoo ya mchanga kando ya mguu,
napinda gauni la binti wa Shirima kwa mkono
huku jicho moja likiilinda taa nyekundu.
Kengele imeshalia. Mama Nanyaro amepiga,
mbona kiti changu kwenye kwaya kitupu?
Nimemwambia nina mgonjwa.

Nusu sikuwahi kuijua.
Nilimlea kwa sahani iliyomwagika pembeni,
na kikombe cha maziwa, na ndizi ya njiani,
akikataa namfuata nayo hadi getini.
Leo namuuliza, "Umekula?"
"Nimekula, Mama,"
kwa sauti ile iliyopungua kidogo mwishoni,
na kwa hiyo sina mita.

Nataka kusema mengi. Nasema,
"Imefika tatu nukta saba."
"Subiri," anasema, na hakati simu.
Tunasikilizana tukipumua, yeye huko, mimi hapa,
salio langu likiliwa.

Chaja inalia pii.
Nachomoa.
Naivika kofia yake, nairudisha mchangani,
naacha mwanya.